Kigae Kilichotazamishwa Ukutani

Mtaa mzima ulimwita Bi Vidani, kwa sababu ya kazi yake, na jambo hili lilimwanzia Jumanne asubuhi, jua limewaka, madirisha wazi, yeye ameketi mezani na mkasi anakata picha. Hakuna bundi aliyelia. Hakuna mbwa aliyebweka. Wanaosema mabaya hutuma salamu kabla ya kufika hawajapatwa na mabaya.

Kazi yenyewe ni hii. Anachukua kigae kidogo, kati ya vile vya kupambia kuta za bafu, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Juu yake anabandika picha iliyochapwa kwenye karatasi: mtoto wa mteja, mume, mama aliyetangulia. Anaipaka gundi nyeupe mara tatu, akingoja kila tabaka likauke, ili karatasi izibike. Halafu anamimina gundi ile nyingine, ya kuganda kama kioo, anatoa mapovu kwa kijiti cha meno, na kesho yake kidani kinang'aa utadhani kimetoka kiwandani. Nyuma anagandisha kipete cha shaba cha kupitishia kamba. Basi. Ukizembea kwenye kuziba, karatasi inakunywa gundi na picha inaanza kupiga weusi kutokea pembeni, kama nguo iliyolowa. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu debe zima la vigae, akajikata wembe na kubaki na kovu la kukingama kwenye kidole gumba cha kulia, mpaka akajua, na akishajua kitu hajui tena kunyamaza. Aliyemletea picha chafu alirudishwa nayo mlangoni na maneno mawili matatu juu.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja. Kitu chochote kipya, iwe kigae, gundi au kamba, kilivaliwa kwanza nyumbani kwake wiki nzima kabla ya mteja kukiona. Kikichubuka, kikiacha rangi shingoni, kikitoka harufu, ajue yeye kwanza. Na nyumbani kwake maana yake ilikuwa shingoni mwa mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Kicheko, jina la mtaani lililomkaa kuliko la cheti. Alicheka akiamka, alicheka akioga, alicheka akifokewa na dada yake, na hilo la mwisho ndilo lililomponza dada mtu, maana huwezi kumkasirikia mtu anayekuchekea. Wazazi walifariki Kicheko akiwa na miaka sita. Bi Vidani ndiye aliyemsuka, akampeleka shule, akamlalia mlangoni alipougua surua. Sasa alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, muuzaji katika duka la vitambaa. Hawakuwa na mwingine duniani. Wakikutwa wamegombana asubuhi, mchana wanakula sahani moja.

Jumanne ile fundi wa vigae, yule anayepanga kuta za majiko na mabafu, alipita na mfuko wa vigae begani. Alikuwa amevibandua katika nyumba ya zamani inayobomolewa, akasema. Akavimwaga mezani. Vilikuwa arobaini, vyeupe kama maziwa, virefu kidogo kuliko upana, na ukivigonga vinalia kama kengele. Bi Vidani alikuwa hajawahi kuona vigae vizuri hivyo. Akavigeuza kimoja kimoja, akavipitisha kucha, akavinusa, kisha akamkazia macho fundi.

"Vina kasoro gani?"

"Havina kasoro, bibie. Ukivikataa nampelekea mwingine."

"Nimekuuliza kwa sababu wewe si mtu wa kugawa vitu."

Fundi akacheka. Hakutaka malipo, alitaka kidani kimoja chenye picha ya mke wake, tena leo leo. Bi Vidani akamwambia leo hapati. Atangoja wiki, kama watu wengine, mpaka kigae kipya kivaliwe kwanza. Fundi akanung'unika kwamba mke wake ataolewa na mwingine akingoja hivyo, akaenda zake.

Jioni dada mtu akachagua picha ya Kicheko amesimama wima, gauni la njano, kacheka mpaka macho yamefumba. Urefu wa kigae ulimchukua mzima, kichwa hadi viatu. Akaziba mara tatu. Akamimina. Jumatano asubuhi Kicheko alikivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema kwamba dada amemfanya mfupi lakini hajamfanya mbaya, akaenda kazini.

Kitu kimoja tu Bi Vidani alikiona na akakipuuza. Gundi ile ikiganda hutoa joto. Kigae hiki kilikuwa cha baridi usiku kucha, kama kimetolewa majini.

Ijumaa Kicheko alirudi amekasirika, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Mwenye duka alikuwa amemsema mbele ya wateja kwa kuchafua sakafu. Kila alipopita aliacha nyayo za maji. Alifuta, akapita, akaacha tena. Alidhani amekanyaga mahali, lakini kulikuwa kukavu nje na ndani. Akavua viatu pale mlangoni, akavipindua. Maji yakamwagika, robo kikombe hivi, safi, ya baridi.

Bi Vidani hakuangalia viatu. Alikuwa anaangalia kidani. Chini kabisa kwenye picha, miguuni, kulikuwa na mstari mweusi.

Alijilaani kwa sauti. Miaka sita hajawahi kulowesha picha, na leo kalowesha ya mdogo wake mwenyewe. Alimwambia akivue, atatengeneza kingine. Kicheko akasema aache, ni picha tu, akaenda kujipangusa miguu. Alipoinyanyua, nyayo zake zilikuwa nyeupe na zimekunjamana, kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.

Jumamosi mstari ulikuwa magotini mwa picha.

Na miguu ya Kicheko ilikuwa imekunjamana hadi magotini.

Walikaa kitandani mchana ule, kidani kimelala juu ya shuka katikati yao. Dada akachukua rula. Hakutaka kupima, lakini alikuwa mtu wa kupima. Akapima kwenye picha, akapima kwenye mguu. Juu ya mstari, ngozi kavu yenye joto. Chini ya mstari, ngozi nyeupe, na ukiibonyeza maji yanachuruzika kwenye vinyweleo. Kicheko akajaribu kucheka. Kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Dada, kifute."

Bi Vidani alianza na jua. Alikiweka dirishani saa mbili nzima, mstari ukapanda. Akakisogeza karibu na jiko, si karibu sana, kadiri ya kupasha mkono joto. Chumbani Kicheko akalia kwamba anaungua, na alipomkimbilia alimkuta amejibanza kwenye kona, uso umewiva kwa joto, kope zimekunjika ncha. Akakiondoa jikoni. Akachukua wembe wa kukatia karatasi, akasema atang'oa gundi yote taratibu kutoka chini, abandue picha, yaishe. Alikwangua pembeni mara moja. Ukubwa wa chembe ya sukari.

Kisigino cha Kicheko kikapasuka. Damu ikatoka pamoja na maji.

Akaweka wembe chini. Mikono yake ndiyo iliyomlisha maisha yote, na sasa hakujua pa kuiweka.

Jumapili mstari ulifika kiunoni. Jumatatu asubuhi akamchukua Kicheko, amemfunga mataulo chini ya gauni, wakaenda hospitali. Daktari alikuwa mpole. Alimpiga picha ya kifua kwa sababu binti alikuwa ameanza kupumua kwa shida, akaiinua kwenye mwanga, akasema mapafu ni makavu kabisa, huenda ni hofu, vijana siku hizi wana mawazo mengi. Akaandika dawa ya kupaka miguuni. Walipotoka, mfagizi alikuwa anafuta maji chini ya kiti alichokalia Kicheko, na hakumtazama usoni.

Bi Vidani akamrudisha mdogo wake kitandani, akamwegemeza kwenye mito mitatu, akaenda kumtafuta fundi.

Alimkuta kwenye jiko la nyumba ya watu, amepiga magoti anapanga vigae chini ya beseni. Hakumsalimu. Alisimama juu yake na kidani kwenye kiganja, akamweleza yote, neno kwa neno, hakuongeza. Fundi alikitazama kile kigae kidogo. Saruji ilikuwa inamkaukia kwenye mwiko. Kisha akainuka, akafunga mlango wa jiko, akazungumza kwa sauti ya chini kama yupo mtu wa kumwamsha.

Havikuwa vya bafuni. Chini ya sakafu ya nyumba ile kulikuwa na tangi la maji, kavu, halina bomba la kuingiza wala la kutoa. Vigae vilikuwa ukutani ndani ya tangi lile. Vyote arobaini, mstari mmoja, kimo cha shingo ya mtu. Na vilikuwa vimepangwa kinyume, sehemu ya kung'aa imegandishwa kwenye saruji, mgongo ndio unaokutazama. Fundi alidhani ni kazi ya mlevi. Nani anapanga vigae vikiangalia ukuta?

"Ulivitoaje vikiwa safi?"

"Nilivilowesha. Saruji ilitoka." Akalamba midomo. "Kulikuwa na karatasi chini yake. Nilisugua."

"Karatasi gani?"

Fundi alitazama mlango.

"Picha, bibie. Picha za watu. Nyingi zilikuwa zimeoza. Chache zilikuwa bado na macho."

Hapo ndipo mtu anapotamani kumshika mwingine koo. Neno moja tu. Angelisema neno hilo moja Jumanne ile mezani, vigae vingerudi kwenye mfuko na Kicheko angekuwa dukani anapima vitambaa. Bi Vidani alimuuliza kwa nini hakusema. Fundi hakujitetea sana. Alisema tu, "Ungevichukua?" Na mke wake mwenyewe yuko nyumbani, mkavu, mzima, kwa sababu mwanamke huyu alikataa kumpa kitu ambacho hajakijaribu kwa ndugu yake. Fundi alilifahamu hilo kwa wakati mmoja na yeye, maana alianza kulia. Bi Vidani hakuwa na nafasi ya machozi yake. Alimuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Amekufa zamani. Warithi? Hawakujua hata kama kuna tangi. Yupo yeyote anayejua jambo hili linatatuliwaje?

Hayupo.

Lakini kwenye vile vigae vya tangini, akauliza, picha zilikuwa zimelowa mpaka wapi?

Fundi alifikiri. Zile zilizobaki zilikuwa zimelowa hadi kidevuni, akasema. Zote. Hakuna iliyopita hapo.

Alimwomba saruji. Fundi akampa kwenye mfuko wa nailoni, akampa na mwiko wake, na hakuthubutu kumwambia aurudishe.

Alipofika nyumbani ilikuwa saa tisa mchana. Watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba nje. Kicheko alikuwa ameketi wima katikati ya kitanda, shingo ameinyoosha, kichwa amekirudisha nyuma kidogo. Ndivyo anavyosimama mtu asiyejua kuogelea maji yakimfika shingoni. Shuka lilikuwa limelowa. Godoro lilikuwa limelowa. Matone yalikuwa yanaanguka sakafuni, moja, moja, moja. Kwenye picha mstari ulikuwa kifuani asubuhi. Sasa ulikuwa kooni.

Bi Vidani akamweleza haraka: atakigandisha kidani ukutani, kimegeuzwa, kama vile vya tangini. Hakumficha. Alimwambia hajui kitakachotokea, kwamba mtu mwingine aliwahi kufanya hivi, kwamba kwa mtu huyo maji yalisimama kidevuni, na kwamba zaidi ya hapo hana analolijua. Alitaka Kicheko aseme hapana. Alitaka aseme kuna njia nyingine, dada, umeisahau. Kicheko aliyazungusha macho tu, kichwa hakukishusha.

"Fanya," akanong'ona. Sauti yake ilikuwa na maji. "Fanya, dada. Yanafika."

Alichonga tundu kwenye ukuta wa chumba, kando ya kitanda, kwa patasi na nyundo ya nyama. Alikoroga saruji kwenye bakuli la chai. Kwa haraka akamwaga nusu. Nyuma yake matone yalizidi. Halafu hayakuwa matone tena. Alisikia Kicheko akifunga mdomo, akavuta pumzi puani, akaibana.

Aliangalia kidani mara ya mwisho. Mstari ulikuwa kidevuni. Na yule wa kwenye picha, yule aliyepigwa picha akicheka, alikuwa amefunga mdomo.

Alikigeuza. Akakiweka kwenye saruji mbichi, picha ndani, mgongo nje. Akakigandamiza kwa kidole gumba. Kwa nguvu. Akahesabu mpaka ishirini.

Maji yakakoma kuchuruzika.

Kisha nyuma yake pumzi ikatoka, ndefu, kavu, pumzi ya mtu mzima wa afya. Bi Vidani akapiga magoti pale pale ukutani, paji la uso kwenye chokaa, akacheka na kulia kwa pamoja. Alisikia kitanda kikilia, miguu ikikanyaga sakafu, hatua kavu, zisizo na maji. Mdogo wake alikuwa anatembea. Akageuka ili amkumbatie.

Kicheko alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba, anaangalia ukuta.

"Mdogo wangu."

Hakugeuka. Bi Vidani akaenda, akamshika bega. Lilikuwa na joto, la kawaida. Akazunguka kumtazama usoni. Akakuta kisogo. Alidhani amegeuka. Akazunguka tena, upole, huku amemshika mabega yote mawili, na kwa viganja vyake alihisi kwamba mwili ule haukusogea hata kidogo. Kisogo. Nywele alizomsuka mwenyewe Jumamosi. Akaleta kioo cha mkononi, akakipitisha mbele. Ndani ya kioo kulikuwa na mgongo wa gauni na mistari ya nywele.

Kwa kupapasa hakuweza. Alijaribu mara moja tu, alipitisha mkono kutoka nyuma, polepole, kuelekea mahali panapopaswa kuwa na shavu. Alichogusa kilikuwa kigumu, cha baridi, kama ukuta uliopigwa lipu jana.

Hakupeleka mkono tena.

Wiki iliyofuata alipeleka patasi kwenye saruji. Pigo moja, jepesi. Mabega ya Kicheko yakaruka, na kutoka mbele yake, kule asikoweza kuona, ikasikika sauti ya maji yakiingia mahali. Aliweka patasi chini. Aliingoja ile sauti itulie. Ilichukua mpaka magharibi.

Fundi alikuja siku moja, mfuko umekunjwa mkononi, akavibeba vile thelathini na tisa bila kuulizwa anavipeleka wapi. Wakati wa kutoka alichungulia chumbani. Bi Vidani alimwacha achungulie. Alitaka aone. Inasemekana hapangi vigae tena, anauza mkaa.

Duka la vitambaa lilipata muuzaji mwingine. Waliokuja kumjulia hali Kicheko waliambiwa amelala, na kweli, ukimtazama kutoka mlangoni, ni binti aliyelala akiwa amegeukia ukuta. Anakula. Dada yake anaweka sahani upande ule, anatoka, akirudi sahani ni tupu. Anaoga. Anatembea kidogo mchana nyumba ikiwa na watu wawili tu. Hasemi. Hacheki. Bi Vidani huongea kwa niaba ya wote wawili, humweleza habari za mtaa, nani kaolewa, nani kamkosea adabu sokoni, na anapofika mahali pa kuchekesha hunyamaza kidogo, akingoja. Halafu anaendelea.

Vidani hatengenezi. Meza ipo, vigae vipo kwenye makopo, gundi imekauka kwenye chupa.

Juzi alikuwa anamsugua mgongo kwa kitambaa cha uvuguvugu, karibu na dirisha, kweupe. Kati ya mabega aliona alama ambayo haikuwepo mwanzoni. Ilikuwa imedidimia kwenye ngozi, pana kama kiganja, ya mviringo mrefu. Alidhani ni mkunjo wa shuka. Akaisugua; haikutoka. Akasogeza uso. Ndani yake mlikuwa na mistari myembamba iliyozunguka, mmoja ndani ya mwingine, na katikati mkato mmoja wa kukingama, ulionyooka, wa wembe.

Aliiacha sabuni idondoke. Akainua mkono wake wa kulia kwenye mwanga, akakifungua kidole gumba, na akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Kisha akakifunga.